Viroba Mbele ya Bahari

Bi Salha anadai kwamba viroba vya unga walivyovijaza mchanga kuzuia bahari vilichanwa kwa kisu, na aliyevichana ni jirani yake Mwanamize.

"Kijicho tu," aliwaambia watu. "Anataka bahari ianze na mimi."

Mwanamize alikwenda kwenye viroba vilivyobaki, nyuma ya chumba wanacholala watoto wa Salha, akakibonyeza kimoja kwa kidole gumba. Kikachanika kama karatasi, kimeshaliwa na jua. Mchanga ukaanza kumwagika.

"Toa mkono wako, mchawi we."

"Maji yanajaa jioni, Bi Salha. Nipe watoto walale kwangu."

Salha akapiga magoti, akaziba tundu kwa viganja. Mchanga ukawa unampita vidoleni.