Cheti cha Shamba

Nyamizi alimkabidhi karani wa kodi cheti kilichotoka ng'ambo ya mpaka, alikoachiwa shamba na marehemu baba yake. Shamba hilo alimkodisha mdogo wake, Lutonja. Alitaka kuthibitisha kuwa kodi ya serikali imeshalipwa kule, asitozwe mara mbili.

Karani alisoma, akarudia.

"Mama, Lutonja ni nani?"

"Mdogo wangu. Ndiye niliyemkodisha."

"Humu ameandikwa mwenye shamba. Mwaka wa sita sasa."

Kila mavuno Lutonja alimtumia Nyamizi pesa, naye alimwombea dua.

"Basi hudaiwi kitu, mama," karani alisema kwa upole, akimrudishia cheti.

Hakukipokea. Alishikilia meza kwa mikono miwili.

"Dada, sogea kidogo," mtu wa nyuma yake alisema, "na sisi tuhudumiwe."