Urefu wa Mlango

Fundi aliuegemeza ubao wa mwisho penye uwazi wa mlango, akaupima kwa mkono, akapima tena.

"Mama, mbao zenye hazikupasuka zote njo fupi," alisema. "Nipunguze mulango, ao tungojee zingine?"

Zilikuwa mbao za mtumbwi wa mume wangu, Floribert, uliookotwa kwenye mawe ya Mpala, kando ya ziwa, bila yeye. Watu walinishauri niziuze kama kuni. Nyumba tulikuwa tumeianza pamoja, vyumba viwili vya tofali mbichi na paa la mapipa yaliyopondwa. Pipa moja bado lilisomeka Zaire.

Siku tuliyopima mlango, Floribert alisimama hapo hapo, akachora mstari wa mkaa ukutani, juu ya kichwa chake.

"Nimechoka kuinama ku nyumba za watu," alisema.

Mstari ulikuwa bado ukutani. Na mama yake alikuwa bado anamwekea sahani kila jioni, kwa sababu hakuna aliyeona maiti.

"Punguza," nilisema.

Fundi alinitazama kidogo. Kisha akaanza kutoa tofali za juu ili ateremshe boriti ya mlango. Ile yenye mstari wa mkaa ilikatika mikononi mwake. Aliniletea vipande viwili.

Tofali mbichi haitupwi; hulowekwa, ikafyatuliwa upya. Nilivitia vipande kwenye shimo la udongo, nikamwaga maji, nikakunja kitenge hadi magotini.

Nikaingia, nikaanza kukanyaga.