Kidole Chini ya Neno

"Soma, Mwalimu," mfamasia alisema, akimsogezea mzee pakiti juu ya kaunta. Kanuni ya duka lake ilikuwa moja: dawa haivuki mlango mpaka mgonjwa asome lebo kwa sauti.

"Jamani! Mtoto niliyemtandika kwa kuruka herufi, leo ananisomesha!"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mzee akaweka kidole kwenye pakiti, akasoma bila kusita: "Kidonge kimoja kizima, kila siku jioni, baada ya kula."

Hayo yalikuwa maneno ya mwezi uliopita. Safari hii daktari alikuwa ameipunguza dawa hiyo ya kuzuia damu isigande, na lebo ilisema nusu. Nacho kidole cha mzee kilikuwa kikitembea taratibu, kwa adabu yote ya msomaji, mahali pasipo na herufi hata moja.

Foleni ilikuwa bado inacheka. Mfamasia akazunguka kaunta, akakishika kidole kile kilichowahi kukiongoza chake, akakiweka chini ya neno la kwanza.

"Nusu," akanong'ona.

"Nusu," Mwalimu akaitikia, kwa sauti ndogo ya mtoto wa darasa la kwanza.