Moto wa Kuomba

Asubuhi ile Semeni alifukua jivu mafigani akakuta makaa yote yamezimika. Nyumbani kwake kiberiti hakikununuliwa. Moto ulilazwa jivuni kila usiku, na mumewe alijisifu kila mahali kwamba kwao hawanunui wala hawaombi. Sasa mwenyewe alikuwa nje akinoa jembe, akingoja uji.

Semeni akachukua kigae, akanyata hadi kwa jirani yake Siwatu. Masika yaliyopita Siwatu ndiye aliyekuja kuomba moto, na Semeni akamcheka mbele za watu: "Mwanamke mzima unashindwa kulaza moto?"

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

Siwatu akakitazama kile kigae. Semeni akainama, akingoja maneno yake mwenyewe yamrudie.

"Karibu, shoga. Umande wa leo nao, unazima hata moto wa jivuni!" Siwatu akamchagulia kaa kubwa kuliko yote. "Lipulize njiani, lisikufie."

Semeni akalipokea kigaeni. Akapita nyuma ya migomba ili asionekane. Lakini kaa lilitaka pumzi, na kila alipolipuliza, moshi mweupe ulipanda juu ya migomba, ukimfuata hatua kwa hatua.