Mwaka Huu Ameota Ndevu

Siku hizi picha haibaki ilivyopigwa. Kila Januari nyuso zilizomo kwenye simu hubadilika zenyewe zilingane na umri wa wenyewe, na sheria hairuhusu kuzirudisha nyuma. Faili nazo huzidi kuwa nzito, ndiyo maana steshenari yangu hapa Korogwe haikosi wateja.

Bi Mwantumu huja kila mwaka na picha moja tu, ya mwanawe Sekibo. "Simu imekataa tena kumbeba," husema, nami humpunguzia ukubwa.

Mwaka huu Sekibo ameota ndevu. Sweta la shule ya msingi bado analo, limembana mabega ya mtu mzima.

"Yuko wapi siku hizi, mama?" nilimuuliza, katika kupiga soga tu.

"Alizama mtoni akiwa darasa la tatu." Alisema taratibu, kana kwamba mfiwa ni mimi. "Sikwenda kuandikisha kifo. Ningeandikisha, picha ingeacha kukua."

Kwenye kompyuta lilikuwa limetokea swali lile la kila mara: *Aliye pichani yu hai?* Miaka yote nimelijibu bila kulisoma. Safari hii nililisoma, kisha nikabonyeza *Ndiyo*, nikamrudishia simu yake.

"Anafanana na baba yake," nilisema, nipate la kusema.

"Alifanana naye alipokuwa mdogo." Akapangusa kioo kwa ncha ya kanga. "Sasa kila mwaka anazidi kuwa mtu nisiyemjua. Lakini nimeshamzoea, mwanangu."