Mwenye Duka Aje Mwenyewe

Semei Wambede, mwana wa Yokana mhubiri, mjukuu wa Gidudu aliyeamua kesi za mipaka ya mashamba bila kupokea hata kuku, alikikataa kiti alichowekewa ofisini na wakili wa mwenye duka.

"Nitaketi mwenye duka akifika," alisema.

Wakili alitabasamu kwa taabu. Mwaka ule wa 1995, wafanyakazi wa maduka mawili ya jumla ya tajiri mmoja, la Mbale na la Jinja, walikuwa wamemshitaki kwa pamoja. Kila jioni milango ilifungwa wao wakiwa ndani, wakashusha mizigo ya malori na kupanga bidhaa bila malipo. Aliyelalamika alifukuzwa. Sasa tajiri alitaka suluhu nje ya mahakama.

Jaliah na Arnold, wauzaji wa duka la Mbale, walikuwa wapangaji wa Semei katika mtaa wa Namakwekwe. Wao ndio waliomweleza habari hizo. Aliposikia jina la duka, Semei, mwalimu mstaafu, aliweka kikombe chini.

"Mnamjua mwenyewe?" aliuliza.

"Hatujamwona, Mzee. Anakaa Jinja. Sisi tunafokewa na msimamizi tu."

Tangu siku hiyo hakupumzika. Alizunguka mtaa wa Namatala kuwatafuta waliofukuzwa, akiwaonya wasikubali kununuliwa mmoja mmoja, hata wafanyakazi wakamteua awasemee.

"Mzee anapigana kama ndiye aliyebeba magunia!" Arnold alitania.

Semei aliendelea kuandika majina ya waliofukuzwa.

Pale ofisini, wakili alisogeza karatasi mbele ya Semei na wafanyakazi waliofuatana naye. "Tajiri atawalipa hawa waliofika leo."

"Wote. Na waliofukuzwa."

"Mzee, mambo haya yangeweza kumalizwa nyumbani, kwa heshima."

"Kwani walifungiwa nyumbani kwangu?"

Jaliah alimvuta kando. "Mzee wangu, tuchukue hicho kidogo. Mtoto amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada."

"Najua, mwanangu. Lakini ukichukua leo, Nulu aliyefukuzwa akiwa mjamzito atapata nini?"

Jaliah alirudi kusimama na wenzake.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamke aliyevaa gomesi ya hariri, na wakili akasimama upesi. Wafanyakazi walitazamana: kumbe ndiye tajiri. Hakumsemesha mtu. Alimwendea Semei, akapiga magoti kwenye saruji kama wanawake wa kwetu wanavyowasalimu wakubwa, lakini salamu ilipokwisha hakuinuka.

"Yafute mashitaka, nakuomba," alinong'ona. "Nitaaibika mbele ya mji mzima."

Arnold hakuwa amepata kuona tajiri akiwa chini, na mwenye nyumba wake amesimama juu yake kama mti mkavu.

"Weka sahihi," Semei alisema. "Uwalipe wote."

Mama yule aliichukua kalamu, akaweka sahihi. Ndipo mzee akawageukia wapangaji wake.

"Nanyi vijana, sikieni mshike: jasho la mtu halilipwi kwa magoti, hata anayepiga magoti akiwa ni binti niliyemzaa mimi."