Vitunguu Saumu Juu ya Bati

Nambua alirudi kutoka kumzika mama yake, akakuta mumewe, Selestini, ameng'oa vitunguu saumu vyote, majani yangali mabichi. Alikuwa amevisugua kwa maji, na ndio kwanza amemaliza kuvianika juani, juu ya bati.

"Nimekupunguzia kazi, mke wangu."

"Nilikwambia ungoje majani ya chini yakauke! Nikakwambia visiguswe na maji, vining'inie kivulini! Mbegu aliyoniachia mama ndiyo hii tu, nawe unaniozeshea!"

"Kwani jua si ndilo linalokausha?"

Nambua akatazama barazani. Koti la Selestini lilikuwa limetundikwa msumarini, kivulini, lisipauke.

Akalishusha, akalitupa juu ya bati la moto. Kisha akafunga vitunguu kwa majani yake, akavitundika kwenye msumari ule ule, vikichuruzika maji.